Faulo Nilizozihesabu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daftari hili nimelitoa dukani kwangu mwenyewe, kurasa tisini na sita, kwa kazi moja tu: faulo za Ozoli. Yakiingia mengine, basi kalamu imepitiliza.

Ozoli si binadamu. Ni mchezaji wa kati wa timu yangu, Chui wa Dunda, kwenye ule mchezo wa mtandaoni wa kuendesha timu za mpira wa kikapu. Meneja ni mimi: nasajili, napanga nani aanze na tuzuie vipi, halafu kompyuta inaicheza mechi yenyewe na kuniletea ripoti dakika kwa dakika. Mchezo ulimpa jina la Kizungu, mimi nikalilainisha. Urefu wake mita mbili na kumi na tatu, hakuna anayemfikia kwa kudaka mipira, na karibu kila mechi anatolewa kwa faulo tano kabla ya filimbi ya mwisho. Msimu uliopita tulishuka daraja kwa sababu yake. Msimu huu una mechi ishirini na sita, mbili kila wiki, na unaisha tarehe 29 Mei. Kabla haujaisha nitajua ni kitu gani kinachomtia faulo.

Mwalimu Medard wa Mapinga, anayefundisha hesabu na ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo huu, amenicheka kwenye simu. "Bwana Kibwana, hilo nalo la kununulia daftari? Mchezo umempa ukali kumi na saba kati ya ishirini. Mkali ni mkali. Muuze, tafuta mpole."

Simuuzi mtu kabla sijamhesabu.

Mfungo wa pili leo. Mvua bado.

Alhamisi, 6 Machi

Chui 61, wageni 74. Ozoli nje dakika ya thelathini na tatu. Futari haikuwa na chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Niwaweke watu mahali pao, maana daftari likipotea atakayeliokota atadhani limeandikwa na mwendawazimu.

Mama yangu, Bi Mwajabu, alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wote wa kulia umekufa, na maneno yamebaki machache, mengi ni ya kuita na ya kukataa. Anayemwosha, kumlisha, kumbadilisha na kumgeuza ubavu kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, ni mke wangu Swaumu. Mimi nina duka la fotokopi na picha za pasipoti hapa Dunda. Natoka asubuhi, narudi magharibi. Mtoto Mungu hajatujalia, na dada yangu Rukaya hasahau kulitaja hilo. Dada anakaa Mapinga. Ramadhani hii anakuja na mumewe jioni, anafuturu, anamshika mama mkono, analia kidogo, anaondoka.

Swaumu siku hizi ana maneno makali. Leo nimemuuliza shati langu la buluu liko wapi, akajibu, "Liko lilipo." Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kujibiwa hivyo. Nikamwambia hasira hasara. Akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo, akaenda kumgeuza mama.

Baada ya futari nimeandika orodha ya yanayoweza kuleta faulo. Ukali wa mchezaji. Waamuzi, na kama tuko nyumbani au ugenini. Ulinzi wa mtu kwa mtu, wa eneo, au wa kubana uwanja mzima. Wepesi wa mshambuliaji anayemkabili. Uzoefu. Pumzi. Hiyo ya mwisho nimeiweka kujaza mstari tu.

Jumatatu, 17 Machi

Mechi tano, faulo ishirini na tatu. Nyumbani na ugenini ni sawasawa, kwa hiyo waamuzi nimewafuta. Tukibana uwanja mzima zinaongezeka kidogo, tukizuia eneo zinapungua kidogo. Akikabiliwa na mwepesi, inapanda moja. Hakuna hata kimoja kinachotosha kueleza tano.

Nilipofika nyumbani nimemkuta Swaumu amesinzia jikoni, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono imo ndani ya unga. Nikamwamsha. Chapati zilikuwa zinangojwa na wageni.

Jumamosi, 22 Machi

Tarawehe sitaenda leo.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mimi niko sebuleni na ripoti ya mechi ya Alhamisi. Chumbani Swaumu anamlisha mama uji, mgonjwa hafungi. Mama akautema. Akalishwa tena, akautema tena. Mara ya tatu alikipiga kibakuli kwa mkono wake mzima, uji ukamwagikia shuka ambazo Swaumu alikuwa ametoka kuzianua muda ule ule. Kisha nikasikia kofi. Kofi ukishalisikia huwezi kujidanganya kwamba ni mlango.

Dada Rukaya alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba na mfuko wa tende. Mimi nilisikia, yeye aliona. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kibwana. Njoo uone mkeo anavyomfanya mama."

Shavu la mama lilikuwa na alama za vidole. Alikuwa analia kwa upande mmoja wa uso. Swaumu amesimama, mikono inaning'inia, uji umemtapakaa kwenye kanga. Nikamuuliza amefanya nini.

"Nimempiga. Ni kweli."

Nilingoja aombe radhi. Nilitaka aseme shetani amempitia, dada asikie, yaishe. Alichosema ni, "Shuka nyingine kavu hakuna."

Nilimchukia. Naliandika kama lilivyo.

Jumapili, 23 Machi

Kikao cha ukoo baada ya alasiri. Ba'mdogo Amiri, dada Rukaya na mumewe, na mimi. Swaumu aliketi kwenye mkeka karibu na mlango. Dada alisimulia, wala hakutia chumvi, haikuhitajika. Akamalizia, "Kumi la mwisho la Ramadhani, anamzaba kofi mgonjwa asiyeweza hata kujifuta machozi. Akibaki humu ndani mtakuja kunizikisha mama."

Ba'mdogo akamgeukia Swaumu. "Mwanangu, una la kujitetea?"

"Sina, baba. Nina swali moja. Nikiondoka mimi, nani atamgeuza?"

"Ana watoto wake," dada akasema. "Mama yetu hakuzaa mawe."

Ba'mdogo akaniangalia mimi. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nimemwona na mikono kwenye unga, nilikuwa nasikia miguu yake sakafuni kila nilipogeuka kitandani kwa miaka miwili. Ningesema hayo, nadhani ba'mdogo angesikiliza, ni mtu wa haki. Lakini nikaona wote wananingoja niwe mwanamume. Nikaandika talaka moja, tarehe, sahihi.

Moja tu. Nilijua ninachofanya. Talaka moja ina rejea: eda ni miezi mitatu, siku tisini, mpaka tarehe 21 Juni, na ndani ya siku hizo nikitamka tu kwamba nimemrejea anakuwa mke wangu, bila posa wala mahari mapya. Hasira za watu zitapoa, nami nitamfuata. Kisheria alipaswa kukaa eda yake humu humu nyumbani, lakini dada, ambaye sasa ndiye wa kuhamia kumuuguza mama, alisema hatalala paa moja naye, na hakuna aliyebisha.

Swaumu akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaenda kumgeuza mama, akafunga nguo zake, na bodaboda ikampeleka kwao Kaole kabla ya adhana.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Zimebaki siku themanini na mbili.

Dada amehamia hapa, kapika pilau la kusifika. Mama kutwa anaita "Swau, Swau". Dada anasema ni kiharusi kinamchanganya.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo, nguo zinanuka ukungu, na mimi nina furaha.

Mechi kumi na moja, faulo hamsini na mbili. Leo nimezipanga upya kwa dakika badala ya kwa mechi. Arobaini na moja kati ya hizo zimekuja baada ya dakika ya ishirini na tano, pumzi yake ikiwa chini ya asilimia thelathini. Ukali ungekuwa ndio sababu, angecheza faulo dakika ya tatu kama anavyocheza ya thelathini na tatu. Hafanyi hivyo. Dakika ishirini za mwanzo ni mpole kuliko timu nzima. Wepesi wa mpinzani nao unamsumbua akiwa amechoka tu. Akiwa mzima anawafuata bila kuwagusa.

Nimekuwa nikimchezesha dakika zote arobaini kwa sababu wa akiba ni mfupi na simwamini. Kuanzia Alhamisi atapumzika dakika kumi na mbili kila mechi, nione.

Zimebaki siku sabini na tano.

Ijumaa, 18 Aprili

Mama analala mno. Nilidhani ni nafuu. Leo nimerudi mapema kwa sababu umeme ulikatika, nikamkuta amelala kinywa wazi, nzi wametua kwenye mate. Kwenye dirisha kulikuwa na pakiti nne za vile vidonge vya mafua vinavyolevya usingizi, tatu tupu.

"Anapumzika," dada akasema. "Na mimi nipumzike. Kuna ubaya gani?"

Nikamgeuza mama. Chini ya kiuno ngozi imeachia, pana kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Dada akatazama kando.

Jumapili, 20 Aprili

Dada amerudi kwake Mapinga. Amesema mumewe analalamika, amesema mgongo, amesema mengi. Alikaa wiki nne. Ameondoka analia kwa kweli, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba anaigiza. Ana miaka hamsini na minne.

Kikao hakikuitwa.

Zimebaki siku sitini na mbili.

Jumanne, 29 Aprili

Imethibitika. Mechi sita tangu nianze kumpumzisha, faulo kumi na tatu. Kutoka karibu tano kwa mechi hadi mbili. Ukali wake ni kumi na saba vilevile, tabia sikumbadilisha. Nimempunguzia dakika tu.

Nikampigia Mwalimu Medard kumringia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza idadi, akakubali kwamba alikosea. Halafu akaongeza swali.

"Na shemeji je, alikuwa anapumzika saa ngapi?"

"Hayo hayakuhusu, mwalimu."

"Hayanihusu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nimemkatia simu. Mtu anakaa na mkewe na watoto wanne na msichana wa kazi, anakuja kunifundisha kuhusu kitanda. Namba yake nimeifungia.

Zimebaki siku hamsini na tatu.

Jumatano, 30 Aprili

Aliyosema ni kweli. Nilijua kabla hajasema, ndiyo maana nilikata.

Jumatatu, 12 Mei

Duka nafungua saa nne, nafunga saa nane. Bi Ashatu, jirani, alikuwa anakuja kumwosha mama asubuhi; amekuja siku tisa, ameacha, naye ana wajukuu. Sasa namwosha mimi. Mtoto wa kiume hamtazami mama yake, kwa hiyo namfunika kanga na kumwosha chini ya kanga kwa kupapasa, uso nimeuelekeza ukutani. Mama anafumba macho. Kidonda sikioni vizuri kwa namna hiyo, na ndiyo maana kinakua.

Nilikwenda kwa ba'mdogo kumwambia nataka kumrejea Swaumu. "Subiri kidogo," akasema. "Ajue kosa lake. Siku si bado zipo?" Zipo. Zimebaki arobaini. Na ukweli ni kwamba si ba'mdogo anayenizuia. Nataka Swaumu aulizie kwanza. Hata ujumbe mmoja, hata wa kuuliza hali ya mama. Mtu wa kiume mzima nasubiri ujumbe.

Nilipanga kwenda Kaole Jumapili. Jumapili mvua ilinyesha.

Jumapili, 18 Mei

Mvua. Sikwenda.

Jumapili, 25 Mei

Mvua hakuna. Sikwenda.

Alhamisi, 29 Mei

Msimu umeisha. Chui wa Dunda wa pili, tumepanda daraja. Ozoli hajatolewa kwa faulo tangu katikati ya Aprili. Hakuna niliyemwambia.

Jumamosi, 31 Mei

Usiku wa nne sijalala saa mbili mfululizo. Asubuhi nikampa mama uji, akautema. Nikampa tena. Alinitazama, akautema tena kwa makusudi, au mimi niliona ni kwa makusudi, siku hizi siwezi kutofautisha. Ulinirukia machoni.

Nilimpiga.

Si kwa nguvu, nataka kuandika. Lakini nilikuwepo, na najua ni nguvu kiasi gani. Mkono ulikwenda kabla yangu. Sikuwa na hasira hata kidogo, hilo ndilo linalonitisha. Nilikuwa sina kitu ndani, basi. Kama Swaumu alivyokuwa amesimama siku ile, mikono imening'inia, anawaza shuka. Nilimwona kwa mara ya kwanza leo, siku sabini baadaye, nikiwa nimesimama mahali pale pale aliposimama yeye.

Mama hakulia. Aligeuza uso upande wa ukuta.

Hapakuwa na mtu mlangoni. Hakuna atakayeniitia kikao. Nitabaki kuwa mtoto mwema anayemuuguza mama yake, na mtaani watu wananiombea dua.

Zimebaki siku ishirini na moja. Simngoji ba'mdogo wala mtu yeyote.

Jumanne, 3 Juni

Jana nilimfungulia namba Mwalimu Medard, nikamwomba anisaidie siku moja. Amekuja leo na mkewe Verdiana kutoka Mapinga kukaa na mama. Hakunisema. Mkewe alipoingia chumbani na kutoka, naye hakunisema, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilifika Kaole saa tatu. Mama mkwe alikuwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kitako. Mgonjwa hajambo?"

Nikasema hajambo kidogo. Nikasema nimekuja kutamka mbele yake kwamba nimemrejea mke wangu. Aliuweka ungo chini taratibu.

"Umechelewa, baba."

"Hapana, mama. Eda bado siku kumi na nane. Nimezihesabu."

"Umehesabu nini?"

"Siku tisini. Miezi mitatu."

"Miezi mitatu ni ya sisi tuliokoma. Anayeona siku zake huhesabiwa twahara tatu. Ya Swaumu ilikwisha tarehe ishirini Mei, na sheikh wetu hapa anajua. Hukuuliza?"

Sikuuliza. Sikumuuliza sheikh, sikumuuliza yeye. Nilichukua kalenda ya dukani nikahesabu visanduku. Miaka kumi na moja nimelala na mwanamke chumba kimoja na sikujua hesabu yake inakwendaje. Tarehe ishirini Mei nilikuwa nyumbani naangalia ripoti ya mechi.

Mama mkwe akamwita. Swaumu akatoka akajifunga mtandio vizuri, kama anavyofanya kwa mwanamume wa nje, na hapo ndipo nilipoamini. Amenenepa uso. Ile mistari chini ya macho, niliyodhani amezaliwa nayo, haipo.

Nikamwambia yote bila mpangilio. Nikamwambia nimempiga mama. Nikamwambia kuhusu Ozoli, nikijua naonekana mpumbavu: kwamba si ukali, ni dakika, kwamba mtu yeyote akichezeshwa bila kupumzishwa mkono wake utakwenda wenyewe. Alisikiliza. Hata nilipotaja mechi hakucheka.

"Hilo ulilijua lini?"

"Mwezi wa nne."

"Leo mwezi wa ngapi?"

"Wa sita."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei na kuelewa.

"Nikuletee posa upya, Swaumu? Mahari mapya, kila kitu. Ba'mdogo nitamleta mwenyewe akuombe radhi."

"Nimelala, Kibwana," akasema. "Wiki ya kwanza nililala mpaka mama akadhani naumwa. Nikaamka nikalia kwa kumpiga Bi Mwajabu, na bado nalia. Ukirudi mwambie hivyo, anasikia kila kitu." Akaokota chuya mbili kutoka kwenye ungo wa mama yake. "Posa usilete kwanza. Tafuta mtu wa kumwosha mama, umlipe, akae. Ukishampata, jiulize kama bado unanitaka."

Nilitaka kumjibu pale pale kwamba namtaka yeye, si mikono yake. Nilifungua kinywa. Mama mkwe alikuwa ananiangalia, Swaumu alikuwa ananiangalia, wakangoja muda wa kutosha kabisa, na jibu halikutoka kwa sababu sikuwa na hakika kwamba ni kweli.

Nikaaga. Sasa ni saa kumi, Medard na mkewe wameondoka, na mama ameamka ananiita kwa jina la Swaumu.